Sauti ya Tofali Zima

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa kumi, mwanangu, wakati ule ambapo Lubumbashi yote huingoja mvua ya kwanza na vumbi jekundu hukaa hewani kama halina haraka ya kushuka. Nilikuwa nimekaa chini, tofali moja mkono wa kushoto, jingine mkono wa kulia, nikiyagonganisha karibu na sikio. Tofali lililoiva vizuri hulia. Hutoa sauti nyembamba, safi, inayokwenda mbali kidogo kisha ikafifia, kama kengele ya kanisa unayoisikia ukiwa bado kitandani. Tofali lililopasuka ndani, hata kama uso wake ni mwekundu na mzuri, husema "du" tu, likanyamaza. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, kusikiliza matofali. Na siku ile niliifanya kazi ya kusikiliza huku nikiongea.

Kaa karibu nikueleze. Hiyo simu ilaze kifudifudi kidogo, haitakimbia.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Baba alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, alishuka huku kwa kazi ya reli, na siku moja alirudi kutoka kazini na homa, akalala, hakuamka tena. Mama alimfuata kabla mwaka haujaisha. Tulibaki watatu: mimi Mwadi, mdogo wangu Monga, na Feza, kitinda mimba wetu. Mama, alipokuwa bado anaweza kusema, alinishika kidole hiki hapa, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwadi, usiache bantu yangu batawanyike." Hakuongeza neno. Nilingoja aongeze, hakuongeza.

Kwetu, kilio kikimalizika, jamaa hukaa kwenye mikeka wakagawana watoto wa marehemu. Si kwa ubaya. Huyu aende kwa baba mdogo, yule kwa shangazi, mwingine kwa bibi, ili mzigo usimwangukie mtu mmoja. Siku ile walipoanza kutugawa nilisimama katikati ya wazee, msichana wa miaka kumi na sita, nikasema. Nilisema bila kupumua. Nitaacha masomo, nitafanya kazi, hatutamsumbua mtu, mama aliniambia tusitawanyike. Nilisema mpaka wazee wakachoka, na mmoja wao akakung'uta vumbi kwenye suruali yake akasema, "Basi, tumwachie. Mkubwa ni jalala."

Methali hiyo unaijua. Mimi nilidhani naijua. Nilidhani maana yake ni kwamba mkubwa hutupiwa taabu zote. Tutairudia mwishoni.

Ona sasa kilichotokea, mwanangu. Ulimi ulituokoa siku ile, na tangu siku ile nikaufanya mlinzi wa nyumba. Kila jambo nilililinda kwa kusema. Zaidi ya hapo, nikwambie siri, nilikiogopa kimya. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na kikiingia kimya nilisikia kikohozi cha mama kutoka chumba cha ndani, ambako hapakuwa na mtu. Kwa hiyo niliongea. Niliamka nikiongea, nikakoroga bukari, ugali wetu, nikiongea, nikawafunika wadogo zangu shuka nikiongea.

Kazi nilipata mahali pa kuchomea matofali, ng'ambo ya mtaa wa Bel-Air, pale nyumba zilipokuwa zinaishia siku zile na vichuguu vya mchwa vikasimama kama vilima. Udongo wa kichuguu ndio mzuri kwa matofali. Wanaume waliuchimba, wakaukanyaga kwa miguu pamoja na maji, wakaumimina katika vibao vya kufyatulia, wakaanika, wakapanga tanuru refu kuliko nyumba na kulipaka tope. Tanuru likishika moto, moshi wake mweupe ulitoka polepole katika nyufa zote, na asubuhi ungeona watu wakitembea ndani ya moshi huo bila miguu, viwiliwili tu, kama watu wa ndotoni. Hata leo nikisikia harufu ya kuni za msituni, nawaona.

Mwenye tanuru alikuwa Papa Numbi. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye masikio makubwa ambayo watu waliyachekea akiwa mbali. Kusema kwake kulikuwa kwa taratibu. Kati ya neno lake moja na la pili ungeweza kwenda kisimani ukarudi na ndoo. Mwanzoni nilikuwa namkamilishia maneno. Akianza, "Mwadi, kesho...," mimi husema, "Ndiyo, Papa, nitafika mapema, najua, ni siku ya kufungua tanuru." Naye huniangalia, hufunga kinywa, huenda zake. Mara nyingi hilo silo alilotaka kusema, lakini mimi nilikuwa nimeshajijibu.

Wapiga matofali walinipa jina la Redio.

"Redio, leo iko habari gani?"

"Achana naye, hii redio haina pa kufungia."

"Na haiombi betri! Inakula jua tu."

Nilicheka nao. Nilidhani wananipenda kwa habari zangu, na labda walinipenda. Lakini habari niliyoipenda mimi kuliko zote ilikuwa moja, habari ya masomo yangu. Niliieleza kwa wanunuzi, kwa wanawake kisimani, kwa majirani, na nyumbani kila sahani ilipovunjika au kiatu kilipopotea. "Miye niliacha masomo juu ya hawa batoto." Nilikuwa mwanafunzi mzuri, nilisema, mwalimu alilia siku nilipoaga. Niliieleza kama mtu anavyoimba wimbo wa mapenzi. Sikumtazama hata mara moja Monga au Feza usoni nilipokuwa nikiuimba.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Monga akafika miaka kumi na miwili, Feza tisa. Feza alikuwa mtoto wa maneno machache. Watu walisema amerithi ukimya wa baba. Mimi nilisema, "Huyu hana shida, hasemi kitu." Loo, mwanangu! Maji yakitulia, mtu asiyejua husema hayana kina.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile ya mwezi wa kumi.

Juma lile shangazi yetu, dada ya baba, alikuwa amekuja kutoka Kasenga na magunia ya samaki wakavu wa mto Luapula. Alilala kwetu siku tano, nyumba nzima ikanuka mto, na siku hiyo mchana alikuwa apande lori arudi. Nilimuaga alfajiri nikaenda kazini, kwa kuwa tanuru lilikuwa limepoa na matofali yalingoja kupimwa. Yaliyolia yawekwe kulia, yaliyosema "du" yawekwe kushoto. Ya kulia yalikuwa ya Mama Kapinga, mwuza vitambaa wa Bel-Air, mama wa Kikasai mwenye kucheka kwa mabega, aliyekuwa anajenga chumba cha kulala yeye na mama yake mzee. Alikuja mwenyewe kuangalia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtu mpya kabisa, ambaye hajaisikia habari yangu! Nikamwanzia tangu kilio cha mama.

Jua lilipofika utosini Feza alikuja na sufuria ya chakula changu. Unajua adabu yetu ilivyo. Mtoto haingilii maneno ya wakubwa, husimama pembeni mpaka mkubwa amgeuzie uso. Feza akasimama, sufuria mikononi, kitambaa kimefunika mfuniko.

"Yaya," akasema, ndivyo wadogo zangu walivyoniita mimi dada yao mkubwa.

"Ngoja."

Nikaendelea. Nilikuwa nimefika pale mwalimu anapolia.

"Yaya, shangazi anasema..."

"Feza, huoni ninasema na mama?"

Akangoja. Nikagonga tofali, nikaweka kulia. Nikagonga jingine, nikaweka kulia. Kisha nikaona kinywa chake kinatembea, maneno mengi kwa mtoto yule, na macho yake yamenikazia. Nami bila kukata habari yangu nikapunga mkono wenye vumbi nikamwambia, "Enda, enda tu. Utanieleza mangaribi, nikirudi."

Alisimama kidogo zaidi. Akaweka sufuria chini kivulini, akakinyoosha kile kitambaa juu yake pembe kwa pembe, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Kisha akaenda. Hatua mbili tatu za kwanza alizipiga kinyumenyume.

Mama Kapinga aliondoka. Nikala. Saa tisa hivi Papa Numbi alipita kwenye lile rundo la kulia, akainua tofali la juu, akaligonga kwa fundo la kidole. Du. Akaliweka chini. Akainua la pili, likalia. La tatu, du. Hakuita mtu. Aliendelea hivyo mpaka matofali saba yalikuwa yamelala miguuni pake, ndipo akasema, "Mwadi."

"Papa."

"Nani aliweka haya huku?"

"Ni miye, Papa."

"Yalikudanganya?"

Wapiga matofali walikuwa wameacha kazi, wanatazama. Mmoja alinong'ona, "Leo Redio imezimika," na hakuna aliyecheka.

Papa Numbi aliketi juu ya ile ndoo ya Mama Kapinga, akaegemeza mikono magotini. "Tofali halijui kudanganya, mwanangu. Lilikuambia. Ni weye ulikuwa unasema juu yake." Akanyamaza muda wa kwenda kisimani na kurudi. Mara hii sikumkamilishia. "Ule mama atalala chini ya ukuta huu na mama yake muzee. Mvua ikikuya, watakuwa wanalala chini ya habari zako."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akainuka, akaonyesha rundo lote. "Rudilia yote. Bila kinywa."

Nikaanza upya. Mwanzoni kimya kilinichoma kama jua. Niligonga, nikasikiliza, nikaweka. Nikagonga, nikasikiliza, nikaweka. Ulimi ulicheza ndani ya mashavu kama panya kapuni. Lakini baada ya matofali mengi jambo lilianza kutokea ambalo mpaka leo sijui kulieleza vizuri. Sauti zilianza kuja, moja moja, kama wageni waliokuwa wakingoja nje wakaona mlango umeachwa wazi. Nilisikia treni mbali, kule baba alikokuwa akifanyia kazi, ikiita mara mbili. Nilisikia majani makavu yakisuguana. Nilisikia mchwa ndani ya kichuguu, kweli nakwambia, chwi chwi chwi, wakifanya kazi gizani mwao. Nilisikia moyo wangu. Nikaona ajabu kwamba vyote hivi vilikuwapo siku zote.

Na jua lilipoanza kuelekea chini, vumbi likawa dhahabu, nikasikia sauti ya Feza.

Hakuwapo. Sauti ilitoka ndani ya sikio langu, pale ilipokuwa imewekwa mchana nami sikuifungua. Kwa maana sikio ni kama mlinzi wa nyumba, mwanangu. Hupokea barua hata kama mwenye nyumba hana habari. Nikayasikia maneno yake yote, kwa mpangilio, kwa sauti ile yake ndogo: "Yaya, shangazi anasema nirudie naye Kasenga, nikae kule. Niende?"

Na nyuma yake nikasikia sauti nyingine, kubwa, ya mtu mwenye haraka: "Enda, enda tu."

Tofali lilianguka likapasuka vipande viwili. Nilikimbia mpaka nyumbani.

Monga alikuwa amekaa kizingitini, mikono kati ya magoti. Hakuniangalia.

"Feza iko wapi?"

"Walipanda lori ya saa nane."

"Juu ya nini hukumzuia? Weye ni mwanaume gani?"

Ndipo aliniangalia. "Alisema umekubali, yaya. Alikuuliza. Si alikuuliza?"

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulivunja nyumba. Jamaa na mikeka yao hawakuweza kututawanya. Aliyetutawanya ni mimi, kwa neno moja, na sikuwa hata nimegeuza uso.

Asubuhi nilimwendea Papa Numbi kuomba ruhusa. Nilimweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea kusikiliza hata baada ya mimi kunyamaza, jambo ambalo lilinifanya niongeze kwamba mtoto yule hana shukrani. Akaacha neno hilo likae kati yetu mpaka mimi mwenyewe nikalionea haya.

"Ukifika utamwambia nini?" akauliza.

Nilikuwa na maneno tele. Nikaanza. Akainua kiganja.

"Ukifika na hayo, utamkuta amesimama pale pale alipokuwa amesimama na sufuria." Akaokota tofali, akanipa. "Unapima namna gani?"

"Ninagonga, Papa."

"Kwa nguvu?"

"Hapana. Kidogo."

"Kisha?"

"Kisha ninangoja."

"Bon, vizuri," akasema. "Enda."

Njia ya Kasenga wakati ule ilikuwa mbaya, lori letu lililala porini usiku mmoja. Nilikaa juu ya magunia, misitu ikipita pande zote mbili kama usingizi usiokwisha, majani mapya mekundu yakiwa yameanza kutoka kabla ya mvua, kama yafanyavyo kwetu. Nilikuwa bado nimebeba hotuba yangu. Lakini kila lori liliporuka shimoni, neno moja lilianguka. Lilianguka "mama aliniambia." Likaanguka "baada ya yote niliyowafanyia." Nilipouona mto sikuwa nimebaki na kitu.

Tulifika asubuhi, Luapula imefunikwa na ukungu. Ng'ambo ya Zambia haikuonekana, ila sauti za watu wa kule zilivuka maji, mtu akimwita mwenzake, mtu akicheka, karibu kabisa, kama wako ndani ya ukungu huohuo. Shangazi alinipokea, akanipa maji kwenye kikombe cha bati. Kwetu mgeni haulizwi shauri lake kabla ya maji.

Nilipomaliza kunywa akaweka mikono kiunoni. "Kama umekuja kunipigia kelele, anza. Lakini mutoto alisema umekubali."

"Ni kweli, shangazi. Nilikubali."

Akangoja.

"Ni hiyo tu?" akasema. Akanigusa paji la uso. "Mwadi, uko mugonjwa? Weye kusema neno moja!"

Kisha akanionyesha ukingoni. Feza alikuwa amepiga magoti mbele ya uchanja wa matete, anageuza samaki mmoja mmoja ili wakauke pande zote. Aliniona. Mikono yake ilisita, ikaendelea.

Nikapiga magoti kando yake. Nikagonga kidogo: "Nimekuja, Feza." Kisha nikaanza kugeuza samaki.

Mwanangu, sijui ilikuwa muda gani. Ukungu uliinuka, mitumbwi ikatokea ndani yake, kwanza watu, halafu chombo. Jua lilitupiga mgongoni. Nzi walikuja na kuondoka. Tulimaliza mstari mmoja tukaanza wa pili. Mara kumi nilisikia neno likinipanda kooni, mara kumi nikalimeza. Na kikohozi cha mama, kile nilichokuwa nikikikimbia miaka mitatu, kilikuja vilevile, kikakaa karibu nasi pale mtoni, na hakikunifanya kitu. Kilikuwa kikohozi tu. Kilikuwa cha mama yangu.

Ndipo Feza akasema, bila kuacha samaki wake.

"Yaya, kila siku unasema uliacha masomo juu yetu."

Ningekuwa yule wa juzi, ningemjibu hapo. Nikageuza samaki.

"Sisi tuko wawili. Nilisema, mumoja akienda, utabakia na mumoja. Utarudia masomo nusu."

Nusu! Hesabu ya mtoto wa miaka tisa. Alikuwa ameibeba peke yake kwa muda gani? Wimbo wangu wa mapenzi ulikuwa umemfikia kama hati ya deni, naye akatafuta njia ya kunipunguzia, akaona kitu pekee anachoweza kukiondoa ni yeye mwenyewe. Machozi yalinitoka, nikayaacha, ila kinywa nilikifunga, kwa kuwa sauti yake ilikuwa bado haijafika mwisho. Tofali zima ukiligonga, sauti husafiri. Usiweke kiganja juu yake.

Akasema tena, polepole zaidi, "Na kitu ingine. Ukinyamaza, miye ninasikia sauti ya mama. Ukisema, inakimbia. Sasa nimeanza kuisahau."

Unaona, mwanangu? Nyumba moja, kimya kimoja. Mimi nilikifukuza kwa sababu ya kikohozi, na mtoto yule alikuwa akikitafuta kwa sababu ya sauti. Kila siku nilimfukuza mama nyumbani kwa maneno, nikidhani ninawalinda watoto wake.

"Unanisikia, yaya?"

"Ninakusikia."

Aligeuza samaki watatu. "Sasa sema, basi."

Nilikuwa nimesafiri siku mbili kwa ajili ya nafasi hiyo, na nilikuwa na maneno machache kuliko siku zote za maisha yangu. "Niliposema enda sikuwa nimekusikia. Nimekuja kukusikia. Unataka nini, Feza?"

Alifikiri muda mrefu sana. Mtumbwi mmoja ulivuka mto wote.

"Ninataka kurudi nyumbani," akasema. "Lakini ile habari ya masomo usiiseme tena. Kwa muntu yeyote."

"Sitaisema."

"Hata kwa Mama Kapinga."

"Hata kwake."

Akafikiri tena. "Na samaki tumalize kwanza."

Tukamaliza samaki.

Leo mimi ni bibi, nimewalea wale wawili mpaka wakawa na nyumba zao. Feza alisoma kwa ajili yetu sote. Baadaye aliolewa hukohuko Kasenga, kwa ridhaa ya kila mtu, safari hii nikiwa nimeulizwa nikasikia. Jumapili jioni hunipigia simu. Tunasalimiana, tunaulizana juu ya watoto, kisha tunanyamaza. Yeye anasikia kuku wangu, mimi nasikia maji yake. Wajukuu wanacheka, wanasema tunamaliza vocha kwa kupumua. Tunawaacha wacheke. Wakati mwingine ndani ya kimya hicho Feza husema, "Umemsikia?" nami najibu, "Nimemsikia." Hatutaji nani.

Na ile habari ya masomo, nilikaa nayo tangu siku ile ya samaki. Leo ndiyo mara ya kwanza kuitoa, na nilimwomba Feza ruhusa kabla. Alinyamaza, nami nikangoja. Kisha akasema, "Mwambie, yaya. Lakini mwambie na sehemu yangu."

Basi nimekwambia na sehemu yake. Sasa pokea nasaha zangu, ni chache.

Mtu akisimama mbele yako na neno, mgeuzie uso kabla ya kumjibu. Hasa mtoto. Hasa yule asiyesema sana, kwa maana yeye hugonga mlango mara tatu tu, halafu huweka sufuria chini na kwenda zake. Usimkamilishie mtu sentensi yake, hujui alikuwa anaelekea wapi. Usipeleke maneno mengi kwa mtu aliyeumia, peleka magoti yako, kaa kando yake, shika kazi anayoifanya. Taabu uliyoipata kwa ajili ya watu wako usiwasomee kila siku, mapenzi yakisomwa sana hugeuka deni. Na nyumbani mwako, siku moja moja, zima kila kitu kinachopiga kelele, uanze na kinywa chako, uone ni nani aliyekuwa akingoja nje.

Wazee walisema mkubwa ni jalala. Nilichelewa kuielewa. Jalala hupokea. Kila mtu huja na kapu lake, hulimwaga, huondoka mwepesi, na jalala halimtupii kitu usoni. Ukiwa mkubwa wa nyumba, au wa kazi, au wa watu wawili tu, hicho ndicho kiti chako.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu wa baba zetu akupe sikio pana na ulimi mwepesi kurudi ndani. Wale unaowapenda wasikose mahali pa kuweka neno lao wewe ukiwapo. Nyumba yako isitawanyike, na kimya chake kisikutishe kamwe, kijae sauti za waliokutangulia. Na siku maisha yatakapokuinua na kukugonga, kama yanavyotugonga sote, ulie sauti ya tofali zima.